Namba Niliyoifuta kwa Msasa

Bunduki yangu ya kwanza niliiharibu kwa mikono yangu mwenyewe, Jumapili asubuhi, redio inaimba na mimi najisifu. Bibi jirani, hapa mtaani kwetu Small Heath, Birmingham, alikuwa anaondoa vitu vya marehemu mumewe kwenye banda la uani. Akanijia na kitu kirefu kimeviringishwa ndani ya blanketi. "Wewe ni fundi," akasema. "Bora uchukue wewe kuliko kwenda jalalani." Nilipofunua nikakuta bunduki ya upepo, kutu imeila, kitako kimekauka kama makopa.

Sasa mimi nimeishi kwa mashine ya kukereza chuma tangu nitoke Tanga nikiwa kijana. Fundi akiona kutu, mkono unamuwasha. Nikaanza na brashi ya waya, nikafuata na msasa mkavu, nikamalizia na msasa wa maji, mpaka chuma kikametameta kama sufuria ya Idi. Jioni nikampelekea mzee mmoja niliyekuwa nikifanya naye kazi, Mwingereza mzaliwa wa mitaa hii hii, ambaye nilijua ana bunduki za namna ile kadhaa nyumbani. Akaipokea, akaigeuza mara mbili, akaisogeza dirishani. Hakusifu wala hakulaumu. Aliuliza tu: "Namba yake iko wapi?"

Namba ilikuwa imekwenda na msasa. Tulipokilaza chuma kwenye mwanga wa pembeni, herufi S ikaonekana kwa mbali, na nyuma yake tarakimu mbili ambazo kila mmoja wetu alizisoma vyake. Yeye aliona 3 na 8, mimi niliona 8 na 8. Tangu siku ile nikaanza kujifunza elimu ambayo ningepaswa kuwa nayo kabla ya kushika msasa, na ndiyo ninayotaka kukupa leo.

Tuanze na kitu chenyewe. Bunduki ya upepo haina baruti. Ndani ya silinda yake kuna springi nene na pistoni. Ukivuta wenzo, springi inabanwa na kunaswa na ndoano. Ukifyatua, pistoni inaruka mbele, inaubana upepo uliomo ndani kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, na upepo ule unakisukuma kipande kidogo cha risasi nje ya mtutu. Kipande hicho kina kiuno kama cha nyigu, kichwa kizito mbele na sketi nyepesi nyuma. Kwenye bunduki za zamani mdomo wa pistoni umevalishwa kikombe cha ngozi ya ng'ombe, kama kile kilichokuwa kwenye pampu ya baiskeli. Ngozi ikikauka, upepo unavuja. Ikitiwa mafuta kupita kiasi, mafuta yanawaka kwa joto la mbano na bunduki inatoa moshi na mlio mkali ambao si wake. Mtu asiyejua husema, "Hii ina nguvu!" Kumbe inaungua.

Kwa nini Birmingham? Kwa sababu mji huu umetengeneza bunduki kwa karne kadhaa. Pale katikati kuna mtaa mzima unaoitwa mtaa wa bunduki, na barabara zake, Steelhouse Lane, Weaman Street, Price Street, zilijaa mafundi ambao mmoja alitengeneza mtutu tu, mwingine kifyatulio tu, mwingine kitako tu. Mwaka 1861 baadhi ya mafundi hao waliungana wakaanzisha Birmingham Small Arms Company, ambayo dunia inaijua kwa herufi tatu: BSA. Kiwanda wakakijenga huku kwetu Small Heath, na barabara ya kwenda huko mpaka leo inaitwa Armoury Road.

Msomaji wa makamo, hizo herufi unazijua. Babu yangu alikuwa na baiskeli ya BSA, nyeusi, nzito, na kwenye gia ya mbele herufi zimekatwa katika chuma zenyewe. Mbele, chini ya usukani, palikuwa na beji yenye bunduki tatu zilizosimamishwa zikiegemeana kama kuni za jikoni. Utoto wangu wote nilidhani ni mafiga. Nilipofika Birmingham na kukuta alama ile ile imegongwa juu ya silinda ya bunduki, nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kiwanda kilikuwa kile kile: vita vikiwapo, bunduki, vita vikiisha, baiskeli, na baadaye pikipiki.

Na bunduki za upepo nazo zilizaliwa kwenye ukame wa namna hiyo. Vita vya Makaburu kule Afrika Kusini vilikwisha mwaka 1902, na oda za jeshi zikapungua. Wakati huohuo Waingereza walikuwa wametoka kwenye vita vile na aibu fulani, maana wakulima wa Kikaburu waliwapiga shabaha kwa namna ambayo askari wao hawakuiweza. Vilabu vya kulenga shabaha vikaota kila mahali. Fundi mmoja wa Steelhouse Lane, Lincoln Jeffries, akasajili mwaka 1904 muundo wa bunduki ya upepo ambayo mtutu wake haukunjiki. Nyingi za kabla yake zililetwa kutoka Ujerumani, na ili kuzijaza ulizikunja katikati. Kila ukikunja na kukunjua, mtutu unarudi karibu na pale ulipokuwa, lakini si pale pale. Jeffries aliuacha mtutu umetulia, akaweka wenzo chini yake, na mahali pa kutia risasi akaweka koki. Ndiyo, koki, kama ya bombani. Unaizungusha kwa kidole, tundu linajitokeza juu, unadondosha risasi, unaizungusha tena, tundu linalingana na mtutu. BSA wakaanza kuziunda, na tangu 1905 zikawa sokoni.

Baa za hapa zikaigeuza kuwa mchezo. Bamba la chuma lina tundu katikati lisilofika upana wa sentimita moja, na nyuma yake kengele. Ukipenyeza, kengele inalia na watu wanashangilia. Ligi za mchezo huo zipo mpaka sasa. Nimekwenda kutazama mara mbili, nikaagiza soda yangu, na kuona wazee wenye mikono inayotetemeka wakishika bunduki za miaka mia moja, mtetemo ukaisha, kengele ikalia.

Basi, ukiletewa bunduki usiyoijua, usikimbilie kusoma maandishi. Ishike kwanza. BSA za kabla ya vita vya pili hazina ubao wowote mbele ya kifyatulio. Mbao ziko kwenye kitako tu, na mbele ni chuma kitupu: silinda, mtutu, na wenzo umelala chini yake. Kitako ni mti wa mjozi, mzito, wenye mistari ya kahawia na nyeusi, na mahali pa kushikia pamechongwa gridi ndogondogo kwa mkono. Pitisha kidole gumba hapo. Kama gridi bado inakwaruza kidogo kila upande, bunduki haikutumika sana. Kama imelainika upande mmoja tu, ilikuwa na mtu wake mmoja, na unaweza kujua alitumia mkono gani.

Halafu geuza utazame juu ya silinda. Mara nyingi utakuta tarakimu moja imegongwa peke yake: 1, 2 au 3. Si namba ya toleo, ingawa wauzaji wengi watakuambia hivyo kwa uso mkavu. Ni upana wa mtutu. 1 ni inchi 0.177, yaani milimita 4.5. 2 ni inchi 0.22. 3 ni inchi 0.25, nayo utaiona mara chache. Mnadani nimesikia mtu akinong'onezwa kwamba amepata "toleo la pili kabisa kutengenezwa". Sikumwamsha. Alikuwa ameshalipa.

Namba yenyewe ya utambulisho mara nyingi hutanguliwa na herufi. Kwa BSA za kati ya vita viwili, herufi L ilikuwa ya modeli nyepesi, na S ya modeli ya kawaida yenye mtutu wa 0.22, ile ndefu inayozidi kilo tatu. Hapo ndipo S yangu iliyobaki kama kivuli iliponiambia nusu ya habari. Nusu nyingine ilikuwa kwenye zile tarakimu. John Knibbs aliandika kitabu kizima kuhusu bunduki za BSA na Lincoln Jeffries, na kwa kitabu cha namna hiyo mtu mwenye namba kamili anaweza kuukaribia mwaka wa bunduki yake. Mwenye S na kivuli anabaki na miaka ishirini ya kukisia.

Usitafute msaada kwenye mihuri ya serikali pia. Birmingham ina nyumba ya kupima bunduki tangu 1813, na bunduki ya baruti ikipita pale inagongwa mihuri ambayo mjuzi anaisoma kama cheti cha kuzaliwa. Bunduki ya upepo haipelekwi huko. Ndiyo maana namba ya kiwanda ina thamani kubwa hivi kwetu.

Kuna ushahidi mwingine ambao hakuna kitabu kilichonifundisha. Bunduki yangu ile nilipoitengeneza ikaanza kupiga, nilinunua kopo la risasi za dukani za milimita 5.5. Nikafungua koki, nikadondosha moja, nikafunga, nikainamisha mtutu kutazama kitu. Tik. Risasi imeangukia sakafuni. Nikatia nyingine, nayo ikateleza. Nikafikiri nimeharibu mtutu pia. Mzee wangu akacheka, akaingia ndani, akatoka na kopo kuukuu la risasi za milimita 5.6. Hiyo ikakaa. Mitutu ya 0.22 ya Uingereza ya zamani ilikatwa mipana kidogo kuliko inavyokatwa siku hizi. Tofauti ni unywele, lakini ukidondosha risasi ya leo na ikakimbia kwenye koki, jua umeshika kitu cha zamani kweli.

Mshindani wa BSA alikuwa Webley & Scott wa Weaman Street, maarufu kwa bastola za maafisa wa jeshi. Alama yao ni risasi yenye mabawa. Bastola ya upepo waliitoa mwaka 1924, na kutoka hapo wakatengeneza bunduki. Ile inayowatoa watu mate ni Mark II Service ya mwaka 1932, ambayo mtutu wake unachomoka bila kifaa chochote, unachomeka mwingine wa upana tofauti. Iliweza kuuzwa ndani ya sanduku ikiwa na mitutu mitatu. Leo masanduku kamili ni adimu, na kuna watu wanakusanya mtutu mmoja huku, mwingine kule, wanatengeneza sanduku jipya lenye vumbi la zamani. Ukiuziwa hiyo, tazama kama rangi ya chuma ya mitutu yote mitatu imezeeka sawasawa. Ndugu waliokulia nyumba moja hawawezi mmoja akawa mweusi tii na mwingine amepauka.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote si cha Birmingham. Ujerumani, katika mji wa Rastatt, kulikuwa na kampuni ya Mayer & Grammelspacher, iliyoanza mwaka 1890, na bunduki zake ziliitwa Diana, kwa jina la mungu wa kike wa uwindaji wa Warumi. Alama yao ni mwanamke aliyeutupa upinde wake chini na kuinyanyua bunduki ya upepo juu ya kichwa. Ujerumani iliposhindwa mwaka 1945, washindi walijilipa fidia kwa mali za viwanda. Mashine za Diana zikapelekwa Scotland, mji wa Motherwell, kwa kampuni ya Milbro, pamoja na haki ya kutumia jina na yule mwanamke. Wajerumani waliporuhusiwa tena kutengeneza bunduki, wakakuta jina lao liko kwa mtu mwingine. Hapa Uingereza bunduki zao ziliuzwa kwa jina la "Original", kana kwamba wanasema: sisi ndio wenyewe. Mpaka mwaka 1984 ndipo walipolirudisha jina lao, baada ya Milbro kufunga.

Kwa hiyo kuna Diana mbili zinazofanana kama mapacha. Ukiona yule mwanamke na chini yake pameandikwa "Made in Great Britain", ni ya Motherwell. Ukiona "Original" na Ujerumani imetajwa, ni ya Rastatt ya baada ya vita. Ukiona mwanamke pamoja na Ujerumani kwenye bunduki iliyouzwa hapa Uingereza, uliza: kabla ya 1945, au baada ya 1984? Hapo mbao, skrubu na ulaini wa kifyatulio ndivyo vitakavyojibu. Ninayo moja ya Motherwell, ndogo, ya watoto. Haina bei. Siiuzi.

Za baada ya vita ni nyingi na nitazipita haraka. BSA Airsporter ya 1948 ilificha wenzo ndani ya mbao, na koki yake hujifungua yenyewe ukivuta wenzo. Kwa macho yangu ni nzuri kuliko zote walizowahi kuunda. Webley Mark III, ya 1947 hadi 1975, ina koki unayoigeuza mwenyewe, na chuma kinafunga kwa mlio kama wa mlango wa gari la Kijerumani. BSA Meteor ilikuja mwaka 1959, kitako cha mti wa bichi wa bei nafuu, ikaingia kwenye nyumba za kila mtu. Kwenye Meteor za mwanzo, T mbele ya namba ni 0.22 na N ni 0.177. Wakusanyaji wenye nyodo huidharau Meteor. Mimi siidharau, maana vijana wengi wa mtaa huu walijifunzia hiyo shabaha.

Ukiwa tayari kununua, tazama skrubu kabla ya kitu kingine chochote. Skrubu ya kiwandani ina mfuo ulionyooka, kingo kali. Skrubu iliyotafunwa na bisibisi isiyolingana inakuambia kuna mtu ameshaingia ndani, na hujui aliacha nini. Chuma kinachong'aa mno, kingo zikiwa zimeviringika kama sabuni iliyotumika, kimepigwa msasa, na namba utaikuta nusu. Namjua fundi wa namna hiyo, nanyoa naye kioo kimoja. Usiijaribu kwa kufyatua bila risasi, kwa sababu pistoni inakwenda kugonga ukuta bila kizuizi na springi inaweza kuvunjika. Na unapotia risasi, mkono mmoja usiuachie wenzo kamwe. Ndoano ya miaka tisini ikiteleza, wenzo unarudi kwa nguvu yote ya springi, na vidole havina spea.

Kuhusu sheria, kitu hiki si mwanasesere. Hapa England, bunduki ya upepo isiyozidi nguvu ya futi-pauni 12, karibu juli 16, mtu mzima anaweza kuwa nayo bila leseni. Ikizidi hapo inahesabiwa silaha kamili. Ukivuka kwenda Scotland, tangu mwisho wa 2016 unahitaji cheti hata kwa ile ndogo. Mpwa wangu wa Tanga aliwahi kunipigia simu, "Mjomba, niletee moja kwenye begi." Nikamjibu kwamba begi langu litabeba kanga za mama yake, na kama anaitaka kweli aanze kwa kwenda kituo cha polisi kuuliza, kwa maandishi. Hajanipigia tena kuhusu hilo.

Armoury Road napita karibu kila wiki. Usiku wa tarehe 19 Novemba 1940 ndege za Kijerumani zilipiga mabomu kiwanda cha BSA, wafanyakazi 53 wakafa, wengi wao wakiwa zamu ya usiku. Kila ninaposhika bunduki yenye S au L mbele ya namba, hufikiri kwamba mkono ulioigonga namba ile huenda ulikuwa wa mmoja wao. Na mimi nikaja na msasa.

Bunduki yangu ya kwanza ninayo bado, inaning'inia sebuleni, inang'aa, haina namba. Nyingine kumi na moja nilizopata baadaye nimezipaka mafuta tu, na kutu yao nimeiacha ilipo. Wewe msomaji, ukikuta kwenye banda la babu kitu cha chuma cha zamani, iwe bunduki, cherehani au baiskeli yenye mafiga yale matatu ya bunduki mbele, kabla hujachukua brashi chukua kalamu. Andika namba kwanza, tarakimu kwa tarakimu, na upige picha ukiwa umeweka tochi ubavuni.